Picha nyeusi: kosa halianzii kwa mpiga chapa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu malalamiko ambayo yamekuwa yakijitokeza mara kwa mara katika ukurasa huu huu, kwamba picha za watu, hasa zile za matangazo ya tanzia na kumbukumbu, hutoka gazetini zikiwa nyeusi kiasi kwamba hata ndugu wa marehemu hawamtambui mtu wao. Walioandika kabla yangu wamemtupia lawama mpiga chapa: mara wino umezidi, mara mtambo umechakaa, mara vijana wa kiwandani hawajali. Mimi ni fundi wa picha na msanifu wa machapisho hapa Mtwara Mjini. Nina duka dogo la stesheneri, na kwa miaka kumi na tano nimekuwa nikiskani picha za watu, nikizipanga katika kadi, kalenda na vitabu vya mahafali, kisha nikizituma Dar es Salaam kwenda kuchapwa. Kwa uzoefu huo, picha nyingi zinazolalamikiwa zilikwisha kuharibika kabla mtambo haujawashwa, na zimeharibikia mezani kwetu sisi wenye maduka, mbele ya skrini ambayo hakuna aliyewahi kuipima tangu itolewe kwenye boksi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, minada ya korosho ikiwa imepamba moto na kila mtu ana fedha, chama kimoja cha msingi cha ushirika kutoka wilaya jirani kiliniagiza kalenda 600 za ukutani. Walitaka picha ya viongozi wao tisa wakiwa wamesimama mbele ya ghala, picha ya mabibo mekundu yakiwa mtini, na, kwa kuwa katibu wao alipenda hivyo, picha ya bahari ya Msimbati. Ile ya viongozi ililetwa ikiwa imesafishwa kwenye karatasi, nami nikaiskani. Kwenye skrini yangu ilionekana imepauka, nyuso zina weupe wa majivu, nikaipunguzia mwanga, nikaitazama, nikaipunguzia tena mpaka nikaridhika. Kazi ikaenda kwa barua pepe, na baada ya siku kumi hivi mabunda yakarudi kwa basi. Nilipofungua bunda la kwanza nilikuta viongozi tisa wenye kofia na meno, bila nyuso. Mabibo, ambayo kwenye skrini yalikuwa yakiwaka kama kaa la moto, yametoka na rangi ya tofali, na bahari ya Msimbati imekuwa ya zambarau.

Nilimpigia simu mpiga chapa nikiwa nimefura. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Fundi, mimi nimechapa namba ulizoniletea." Nikaona ananikwepa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba alinijibu kwa ukweli mtupu, na wakati huo gharama ya kuchapa kalenda upya ilikwisha kutoka mfukoni mwangu.

Faili ya picha haina rangi ndani yake, ina namba. Kila pikseli, yaani kila kijisehemu kidogo kabisa cha picha, ina namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na kila namba huanzia 0 hadi 255. Skrini huzigeuza namba hizo kuwa mwanga, na kila skrini huzitafsiri kwa namna yake. Ukiweka skrini mbili za kampuni moja, zilizonunuliwa siku moja, ukafungua faili ile ile, utaona watu wawili tofauti. Kiwandani namba hizo hubadilishwa kuwa kiasi cha wino wa aina nne, yaani sayani (buluu inayoelekea kijani), majenta (wekundu unaoelekea zambarau), njano na mweusi, na wino hautoi mwanga wowote, bali hunyonya sehemu ya mwanga unaoangukia karatasi na kuturudishia kinachobaki. Ndiyo sababu kuna rangi ambazo skrini inaziweza na wino hauziwezi kamwe: wekundu unaowaka wa bibo bivu, unaoelekea rangi ya machungwa, ni mojawapo, na buluu ya maji ya kina kirefu ni nyingine, kwa sababu wino wa sayani na majenta vikikutana kwa wingi huelekea zambarau. Kwa hiyo bibo na bahari vingekuwa na udhuru wake hata kama ningefanya kazi vizuri, ingawa ilikuwa juu yangu kumwonya katibu mapema. Nyuso hazikuwa na udhuru wowote.

Nyuso zilipotea kwa sababu skrini yangu ilikuwa inawaka kupita kiasi. Skrini mpya hupangwa kiwandani iwe na mwangaza mkali ili imvutie mnunuzi chini ya taa za dukani, na weupe wake huegemea kwenye ubuluu kwa sababu jicho la binadamu huuchukulia ubuluu kidogo kama usafi, kama vile mama zetu walivyotia buluu kwenye maji ya kufulia shuka nyeupe. Mwangaza huo hupimwa kwa kandela kwa kila mita ya mraba, na skrini nyingi za ofisini zikiachwa jinsi zilivyotoka huwaka kwa kandela 250 hadi 300, wakati kazi ya kuandaa picha za kuchapwa huhitaji kandela kati ya 80 na 120. Mtu anayefanya kazi mbele ya skrini ya kandela 300 huona kila picha imepauka, huipunguzia mwanga mpaka ionekane ya wastani, na picha hiyo ikihamia kwenye karatasi, ambayo haina taa nyuma yake, giza lote aliloliongeza hubaki pale. Yale majivu niliyoyaona kwenye nyuso za viongozi nayo hayakuwa ndani ya picha, ni ule ubuluu wa skrini. Nilikuwa natibu ugonjwa wa kioo kwa kumpa dawa mgonjwa asiye na homa.

Kupima na kusawazisha skrini, kwa hiyo, si anasa ya watu wa Ulaya. Kuna vitu vitatu vya kuweka sawa: mwangaza, ambao nimekwisha kuutaja, rangi ya weupe, ambayo hupimwa kwa kelvini, wengi wakitumia 6500 na baadhi ya viwanda vya uchapaji 5000 kwa kuwa ndiyo rangi ya taa ambayo kiwango cha kimataifa cha ISO 3664 kimeichagua kwa ajili ya kukagulia machapisho, na mpando wa ngazi kutoka giza hadi mwanga, ambao mafundi huuita gama na ambao kwa kawaida huwekwa 2.2. Kazi hii hufanywa kwa kipima rangi, kifaa kidogo kama panya wa kompyuta, kinachoning'inizwa juu ya skrini na kusoma mabaka ya rangi moja baada ya jingine, kisha programu huandika maelezo ya tabia ya skrini ile. Maelezo hayo huitwa profaili, na muundo wake ulikubaliwa na muungano wa kampuni za kompyuta na picha ulioanzishwa mwaka 1993, ndiyo maana profaili iliyotengenezwa kwa kompyuta ya aina moja husomeka kwenye kompyuta ya aina nyingine.

Najua wenzangu watauliza fedha itatoka wapi. Kifaa hicho cha daraja la chini bei yake inakaribia ile ya simu janja ya daraja la kati, na ni kweli kwamba duka la kutoa kopi na kulaminisha vyeti haliwezi kukinunua kwa urahisi. Lakini skrini haipimwi kila siku. Mara moja kwa mwezi inatosha. Maduka kumi ya Mtwara, au ya Lindi, au ya Masasi, yakichanga na kununua kimoja, kila duka litakuwa nacho siku mbili kila mwezi na kitabaki na siku za kupumzika. Programu ya kukiendesha si lazima inunuliwe kwa kila kompyuta, kwa kuwa ArgyllCMS ni ya bure na inafanya kazi na vipima rangi vingi vya kawaida, ingawa nakiri kwamba haina sura ya kirafiki kwa mtu aliyezoea kubofya vitufe. Sisi tunaochangiana harusi na misiba hatujashindwa na mchango wa namna hii. Tulichokosa ni mtu wa kuuitisha.

Asiye na kipima rangi naye asikae bure. Mimi nilianza kwa njia ya kienyeji, na naieleza hapa jinsi nilivyoifanya. Nilichukua karatasi nyeupe kabisa, isiyo na maandishi, nikaishika kando ya skrini mahali ambapo mwanga wa dirisha hauipigi moja kwa moja. Kwenye skrini nikafungua ukurasa mtupu mweupe. Tofauti ilinishtua: skrini ilikuwa kama taa ya pikipiki na karatasi kama shuka lililofuliwa mara nyingi. Nikapunguza mwangaza wa skrini taratibu, nikipumzisha macho kila mara, mpaka vile vyeupe viwili vikakaribiana. Baada ya hapo nikatengeneza miraba 18 ya kijivu, wa kwanza ukiwa na namba 0, wa pili 15, wa tatu 30, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho wenye 255. Skrini iliyo sawa huonyesha mraba wa pili ukitofautiana kidogo na wa kwanza, na ule wa 240 ukitofautiana na ule wa 255, na hakuna mraba wenye wekundu au ukijani wowote kwa sababu namba zake tatu ni sawasawa. Yangu ilimeza miraba minne ya mwanzo yote ikawa lami moja. Mwisho nikafungua faili ya kadi moja ambayo ilikwisha kuchapwa vizuri, nikaiweka kadi yenyewe pembeni, nikalinganisha. Hiyo si kalibresheni kamili, yaani usawazishaji wa kifaa, na mtaalamu atanicheka, lakini tangu siku ile sijarudishiwa nyuso zisizo na macho.

Mahali pa kufanyia kazi napo pana neno lake. Maduka yetu mengi yana mlango mpana unaotazama barabara, na jua la saa nne asubuhi likiingia humo hakuna skrini inayosema kweli. Kuta tumezipaka rangi kali, za buluu na kijani, kwa sababu ndizo zinazovutia wateja, na rangi hizo hurudi machoni mwetu bila sisi kujua. Mimi mwenyewe niligundua kwamba siku nikivaa shati jekundu la mpira picha zangu zote hutoka na ukijani kidogo, kwa kuwa wekundu wa shati ulikuwa ukirudi kwenye kioo na mimi nikiupunguza kutoka kwenye picha. Skrini yangu sasa iko kwenye kona iliyopakwa kijivu, imezungushiwa boksi lililokatwa upande mmoja na kupakwa rangi nyeusi kwa ndani, na watoto wa jirani huniuliza kama ndani ya boksi mna sinema. Umeme ukikatika na kurudi, husubiri nusu saa skrini ipate joto ndipo nianze kuhukumu rangi. Kwa wanaotumia kompyuta mpakato za bei nafuu, kioo chake hubadilisha weusi wa picha kila unapokiinua au kukiinamisha, kwa hiyo wachague mkao mmoja na kuuwekea alama.

Nirudi kwenye kuskani, kwa sababu skrini iliyo sawa haiwezi kurudisha kitu ambacho skana haikukichukua. Kosa kubwa tunalofanya huku kwetu linahusu nyuso za watu weusi waliovaa nguo nyeupe, na hao ndio wateja wetu wa kila siku: mzee mwenye kanzu na kofia, bibi harusi mwenye shela, mtoto wa komunyo. Programu ya skana ikiachiwa ijipange yenyewe, hutafuta sehemu nyeupe kuliko zote na nyeusi kuliko zote, kisha huvuta ngazi zilizo katikati bila kujua uso uko wapi. Kanzu hung'aa na kupoteza mikunjo, na uso husukumwa chini, kwenye eneo la giza ambako ngazi ni chache. Mimi huzima marekebisho yote ya kujiendesha. Huchagua rangi za biti 48, ambazo huhifadhi ngazi 65,536 kwa kila rangi badala ya 256, ili nikiinua mwanga wa uso baadaye usikatike katika mabaka. Kisha huweka mpaka wa weusi chini kidogo ya namba ya nywele zilizo nyeusi zaidi, na mpaka wa weupe juu kidogo ya namba ya kanzu, na kuinua mwanga wa katikati mpaka shavu lililopigwa na mwanga lionekane limetengana na shingo.

Baada ya hapo husoma namba, kwa sababu namba hazijui skrini. Nikiweka kishale juu ya shavu, ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, hutoa namba ya nyekundu iliyo kubwa zaidi, kijani ikifuata na buluu ikiwa ya mwisho. Buluu ikizidi kijani, uso una majivu kweli, si ya kioo. Kama siku ile ya kalenda ningeweka kishale kwenye shavu la mwenyekiti, ningeona mpangilio uko sahihi na ningemwacha kama alivyo. Kwa picha inayokwenda gazetini sipendi kuona nyekundu ya shavu lenye mwanga ikishuka chini ya 110. Hicho si kipimo cha kitabuni, ni cha mkono wangu, na kila fundi anaweza kupata cha kwake.

Ugumu huu wa nyuso zetu haukuanza na kompyuta. Katika enzi za filamu, kampuni ya Kodak ya Marekani ilisambaza kwa maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, na mafundi walizoea kuziita kadi hizo Shirley. Maabara ilirekebisha mashine mpaka ngozi ya mwanamke yule ikatoka vizuri, na sisi wengine tukatoka tulivyotoka. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, katika miaka ya 1990. Leo hakuna kadi inayotulazimisha, ila kitufe cha kujipanga chenyewe bado tunakibonyeza kwa hiari yetu.

Gazeti nalo lina tabia yake, ambayo mleta picha hana budi kuijua. Karatasi yake hunywa wino kama mchanga, na nukta ndogo za wino zinazounda picha huvimba zinapogusa karatasi, kiasi kwamba nukta iliyopangwa kufunika asilimia 50 ya eneo lake huweza kuishia kufunika zaidi ya asilimia 70. Kwa hiyo picha inayoonekana nzuri kabisa kwenye skrini iliyosawazishwa bado itatakiwa kuinuliwa mwanga kidogo kabla ya kwenda gazetini. Wino nne, kila mmoja ukiwa na kikomo cha asilimia 100, zikijumlishwa zinaweza kufika asilimia 400 kwenye hesabu, lakini karatasi ya gazeti hulowa na kuchafua ukurasa wa pili zikipita 240 hivi. Kalenda ya karatasi ya kung'aa huvumilia zaidi. Ndiyo maana faili moja haiwezi kutumika kwa kalenda, kanga ya kumbukumbu na tangazo la gazeti, ingawa wateja hutushangaa tukisema hivyo na hudhani tunatafuta malipo mara tatu.

Kuhusu ukubwa wa picha sitasema mengi, maana hilo walau linafahamika. Kalenda na kadi huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi katika ukubwa utakaochapwa, na gazeti, ambalo nukta zake hupangwa kwa mistari 85 hadi 100 kwa inchi, hutosheka na 200. Mteja aliyeleta picha ya simu yenye upana wa pikseli 1,280 baada ya kupitishwa kwenye WhatsApp ana sentimita 10.8 tu za kuchapa vizuri, hata kama kwenye kioo inajaza skrini nzima. Amwambie aliyemtumia aitume kama waraka na si kama picha. Tatizo ni picha ya pasipoti. Karibu kila msiba huletwa picha moja ya milimita 35 kwa 45, pengine imebanduliwa kwenye kitambulisho na ina alama ya muhuri, na familia huomba ikuzwe iwe A4. Kwa hesabu ningeiskani kwa karibu pikseli 2,000 kwa inchi, lakini karatasi ya picha yenyewe haina undani huo. Ukipita 600 unachokipata zaidi ni chembe za karatasi na vumbi. Siku hizi nawaambia wanafamilia kwa upole kwamba nitaikuza mara tatu na kuizungushia fremu pana, na wengi hukubali. Kama wanayo ile negativu ya filamu, yenye milimita 24 kwa 36, mambo hubadilika kabisa, kwa kuwa skana ya filamu ikiisoma kwa 2,400 hutoa pikseli 2,268 kwa 3,402, zinazotosha takriban sentimita 19 kwa 29, yaani karibu A4 nzima. Nawasihi wenye maboksi ya negativu chini ya vitanda wasiyatupe.

Na kuna picha za zamani zilizogandia kwenye kioo cha fremu. Hewa yetu ya pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, hulainisha utando wa picha mpaka ukashikana na kioo, na nimeona kwa macho yangu kijana akibandua picha ya babu yake kwa kisu cha mezani, nusu ya uso ikabaki kwenye kioo. Picha ya namna hiyo haibanduliwi. Huskaniwa pamoja na kioo chake. Tatizo ni kwamba skana nyembamba zinazotumia umeme wa waya wa kompyuta, ambazo ndizo zilizojaa madukani, huona vizuri kile tu kinachogusa kioo chake, na milimita tatu za kioo cha fremu zinatosha kuifanya picha iwe na ukungu. Skana nene za mtindo wa zamani, zenye vioo vya kuakisi na lenzi ndani, huona kwa kina zaidi. Yangu ni ya mtindo huo, nzito kama jiwe la kusagia, na vijana huniuliza kwa nini siibadilishi. Picha za studio za miaka ya 1970 zenye uso wa vinundu kama kitambaa huziskani mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeizungusha picha juu chini, kisha huziunganisha nakala mbili ili vivuli vya vinundu vifutane. Ni kazi ya saa nzima kwa picha moja, na nalipwa kama niliyetoa kopi.

Nina maombi mawili, Ndugu Mhariri. La kwanza ni kwako. Gazeti lako hutangaza bei ya tangazo la tanzia kwa sentimita na safu, lakini sijapata kuona mahali popote panapoeleza picha iletwe vipi: upana wa safu kwa milimita, pikseli ngapi kwa inchi, kikomo cha wino, na profaili ya rangi ya mtambo wenu. Mistari sita pembeni mwa bei hizo ingetusaidia sisi wa mikoani kuliko simu ishirini, na ingeondoa nusu ya barua za lawama unazozipokea. Ombi la pili ni kwa wenye viwanda vya uchapaji huko Dar es Salaam. Sisi wa Mtwara tuko zaidi ya kilomita 550 kutoka kwenu na hatuwezi kuja kusimama kando ya mtambo. Mtutumie basi, pamoja na kazi ya kwanza ya kila mteja, karatasi moja ya majaribio iliyochapwa na faili yake, ili tuwe na kitu cha kulinganishia. Gharama yake haifiki hata nauli ya mzigo wa kalenda 600 zinazorudishwa.

Faili ya miraba 18 ya kijivu niliyoieleza hapo juu ninayo, pamoja na kadi iliyochapwa inayoendana nayo. Mwenye duka yeyote wa Mtwara au Lindi anayeitaka aje na flashi yake nitamwekea bila malipo, ila aje kabla ya saa nne, jua likiwa bado halijaingia mlangoni.

Wako msomaji,
Fundi wa picha na machapisho,
Mtwara Mjini.